Maswali Kumi na Saba ya Sista Ngendo

Ploti ya Mama Wangeci,
Kiuu, Ruiru.
Jumatatu, 16 Juni 1997.

Kwa dada yangu Naliaka,

Habari za Webuye, dada? Habari za senge, shangazi yetu, na goti lake, na habari za ile cherehani uliyoandika wakati wa Krismasi kwamba imeanza kukata uzi? Naomba barua hii ikupate ukiwa na afya, na kama inawezekana ikupate ukiwa umekaa, mahali pasipo na wateja. Sisi huku tuko. Baridi ya Juni imeshuka vibaya, nikienda shule asubuhi sioni hata mwisho wa barabara, lakini sijaugua tangu Aprili. Muhula uliopita nilikuwa namba sita kidato chetu cha tatu. Mwalimu wa Kiingereza anasema kichwa kiko, ila sauti haitoki. Unanijua. Nikisimama kusoma, walio nyuma wanaulizana kama redio imekwisha betri.

Najua uliandika mwaka juzi kwamba nikikuletea habari za baba utaitumia barua kuwashia jiko. Sawa dada, uiwashe. Lakini naomba uisome kwanza mpaka chini, halafu uiwashe ukiwa unajua unachochoma. Kuna jambo nimefanya na kuna jambo sikufanya, na yote mawili yanakuhusu.

Nianze na kazi. Mwezi wa tano baba aliitwa na Bwana Kimeu, msimamizi wa zamu katika kiwanda cha nyuzi kule Thika. Ilikuwa mara ya tatu kukutwa ananuka chang'aa saa moja asubuhi. Bwana Kimeu si mtu mbaya. Alimwambia tu, mbele ya wenzake, kwamba mashine haijui nani amelewa na nani hajalewa, inachukua mkono wowote inaopewa. Akampa barua aende kliniki moja ya kanisa huko Kamenu, ambapo watu wa pombe wanaonwa, na alete ripoti kabla Juni haijaisha. Bila ripoti asirudi kazini. Barua ilisema pia aende na mtu wa nyumbani. Baba aliishika siku mbili mfukoni, halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama Jumanne nina mtihani.

Kabla hatujaenda, Odhiambo wa nyumba namba tatu alikuja kutupa mawaidha. Huyu ni jirani yetu anayeuza mitumba, na hakuna jambo duniani asilolijua. Alisema binamu yake aliulizwa maswali kama hayo akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayebatizwa, na jioni yake akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliporudi alikuta kazi yake inafanywa na mwingine. Basi akatufunza. Wakikuuliza kama unaona vitu, mzee, sema unaona sista mrembo. Wakikuuliza kama unasikia sauti, sema ndiyo, za watoto wa jirani Kaleli, wanalia kutwa. Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, dada. Niliyashika maneno ya Odhiambo kama mtu aliyeonyeshwa mtihani kabla ya siku yake.

Kliniki yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, benchi nje, dirisha lenye pazia la kijani. Tulipokelewa na muuguzi anayeitwa Sista Ngendo, mama mnene mwenye miwani ya kufungwa na uzi, anayeongea pole pole kama hana foleni. Alitueleza kwamba zamani walikuwa wanamwambia mlevi aache pombe na kumpa chai, basi. Halafu wakagundua kwamba wengi hawanywi kwa sababu pombe ni tamu. Kuna kitu kiliwapata, vita, ajali, kupigwa, kifo walichokiona kwa macho, na pombe ndiyo dawa waliyojinunulia wenyewe. Ukimtoa mtu pombe bila kugusa kile kitu, alisema, ni kama kupaka rangi ukuta unaovuja. Kwa hivyo tangu Januari kila mtu mzima anayeletwa kwa ajili ya pombe anaulizwa maswali kumi na saba. Kila jibu lina alama, moja ni hapana kabisa, tano ni sana. Mwisho zinajumlishwa. Anayefika hamsini anaingia kundi la Alhamisi, ambalo lina mshauri wake, na Sista anamwandikia mwajiri kwamba huyu ni mgonjwa aliye kwenye matibabu, apewe nafasi. Asiyefika anapewa mawaidha na kadi ya kurudi baada ya mwezi.

Kwa hivyo unaona, dada. Alama nyingi ndizo zilikuwa zinamsaidia baba. Sista alisema wazi kabisa, na mimi nilisikia kwa masikio yangu. Lakini kichwani mwangu Odhiambo alikuwa amefika kwanza.

Maswali yaliandikwa kwa Kiingereza. Sista akajaribu kuyageuza kwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha baba unakijua ni cha kiwandani: leta, funga, ngoja, bado. Kila swali alijibu kwamba ni sawa tu, Sista. Mara nne, tano, ni sawa tu, Sista. Ndipo akanigeukia akauliza kama najua lugha ya nyumbani vizuri. Nikasema najua. Akanipa karatasi. Akasema mtu huumia kwa lugha ya mama yake, na hata kujibu atajibu kwa hiyo, basi nimsomee baba kwa lugha yetu na nimrudishie Sista kwa Kiswahili.

Dada, wewe ulilelewa nyumba moja na mimi. Kwetu msichana hamuulizi baba yake habari za kitanda chake. Hata chakula unaweka mezani unarudi nyuma. Sasa mimi nimekaa kwenye kiti, magoti yetu yanakaribia kugusana, na karatasi inataka nimuulize kama anaota ndoto za kumtisha hata akaamka amelowa jasho. Nilimuuliza, baba, unalala? Akasema nalala. Nikamwambia Sista, anasema hapana kabisa. Karatasi ilitaka nimuulize kama moyo umekufa ganzi hata hawezi kuwapenda watu wake. Nilimuuliza, baba, watu wako hawajambo? Akasema hawajambo. Hapana kabisa, Sista. Karatasi ilitaka kujua kama anashtuka ovyo, kama anakaa amelinda mlango. Nilimuuliza kama ana nguvu. Alicheka kidogo, akasema za kutosha. Nilijiambia hiyo ni heshima. Nilikuwa nalivika kila swali nguo kabla ya kulipeleka kwa baba, na likifika kwake halina hata sura ya lile la Sista.

Swali la nne lilinishinda kulivika. Liliuliza kama kuna jambo la zamani linalomrudia ghafla, kana kwamba linatokea tena pale pale alipo. Nililisoma lilivyo kwa sababu sikupata njia ya kulizunguka. Na baba akazungumza, dada. Alizungumza muda mrefu akitazama kiatu chake. Nitakuandikia alichosema, nipe nafasi tu nifike. Aliponyamaza, Sista alikuwa ameweka kalamu tayari. Nikamwambia, anasema hapana.

Sista akavua miwani. Akauliza kama maneno yote yale ni hapana moja tu. Nikasema lugha yetu ni ndefu.

Alama zikawa ishirini na sita. Sista aliandika ripoti kwamba ni ulevi, akamwonya apunguze kidogo kidogo wala asikate mara moja, kwa sababu mwili uliozoea hukasirika. Hilo nililitafsiri sawa, lakini nadhani baba hakuwa anasikiliza tena. Tukiwa nje aliniuliza, hizo ishirini na sita ni kati ya ngapi? Nikasema themanini na tano. Akauliza kama amepita au ameanguka. Nikasema umepita, baba. Alininunulia soda.

Kwa kuwa alipita, aliamua kuacha pombe kabisa, kwa mara moja, ili Bwana Kimeu aone. Siku ya pili mikono ilianza kutetemeka, kikombe hakifiki mdomoni. Siku ya nne hakula. Alianza kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, mgongo ukutani, akitazama geti. Mtu akiweka sufuria chini kwa nguvu, yeye amesimama. Nikimuuliza, anasema ni sawa tu, tena kwa Kiswahili, kama ninavyojibiwa na mgeni. Bado alikuwa anaenda kazini. Sijui aliendaje. Nilikuwa namwombea mkono wake shuleni, katikati ya hesabu.

Hapo ndipo tukafika Jumapili ya tarehe nane. Ilikuwa saa nane mchana, watu wametoka kanisani, ploti imejaa. Mama Wangeci, mwenye ploti, alikuwa anachoma takataka na mabua makavu pale nyuma, karibu na mahindi ya mtoni. Upepo ukageuka, moshi ukaingia uani. Mimi nilikuwa nafua. Mwende wa Kaleli, mtoto wa miaka miwili wa nyumba namba tano, alikuwa amekaa kando yangu kwenye beseni tupu, analipiga kwa kijiko.

Baba alitoka ndani akiwa na soksi tu. Hakunitazama, na kama alinitazama hakuniona. Alimnyakua Mwende kutoka kwenye beseni, akamtupa mgongoni, akapita geti akikimbia kuelekea mtoni. Mama Mwende alipiga kelele kwamba mtoto ameibwa. Unajua neno hilo linafanya nini Kiuu, dada. Hakuna aliyeuliza ameibwa na nani. Watu walitoka ploti zote na mawe mikononi, hata wale waliokuwa wamevaa tai za kanisani. Nilitakiwa kusema kitu kimoja tu, kwamba ni baba yangu, ni mgonjwa. Nilifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Nilibaki nimeshika shati lake lenye povu.

Kaleli mwenyewe, mwenye mtoto, ndiye aliyemwokoa baba. Alikuwa ananyolewa, akaruka na kitambaa bado kiko shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, akawapita wote akaingia kwenye mahindi kabla yao. Nasi tukafika nyuma. Baba alikuwa amechuchumaa katikati ya mahindi, amemkumbatia mtoto kifuani, kiganja amemfunika mdomo taratibu, anambembeleza kwa lugha yetu anyamaze, wasije wakasikia. Sikio la baba lilikuwa linatoka damu, jiwe moja lilikuwa limefika. Kaleli alisimama mbele yake akawaambia watu, huyu ni mlevi wetu wa ploti, mkitaka wa kupiga tafuteni wa kwenu. Mtu mmoja alicheka, halafu wawili, na mawe yakaanza kudondoka chini. Kaleli akapiga magoti, akanyoosha mikono, akamwambia baba polepole, Mzee Erastus, nisaidie mtoto, sasa ni zamu yangu kumbeba. Baba akampa.

Dada, jina alilokuwa akimwita yule mtoto ndani ya mahindi halikuwa Mwende. Alikuwa anamwita Naliaka.

Jioni Mama Wangeci alikuja mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema anatuhurumia, lakini likitokea tena, tuhame, na yeye mwenyewe ataita polisi. Mama Mwende hanisalimii mpaka leo. Sasa ninampita bombani kama mwizi, na sio vibaya, nastahili.

Jumanne sikuenda shule. Nilimdanganya mwalimu wa zamu kwamba tumbo linauma nikaenda Kamenu peke yangu na sare yangu. Nilimkuta Sista Ngendo anahesabu vidonge. Nikamwambia yote kwa Kiingereza, sijui kwa nini, nadhani kwa sababu kwa Kiingereza ilikuwa kama inamhusu mtu mwingine. Nilisema baba yangu hakusema hapana, mimi ndiye nilisema hapana. Nilitegemea anifukuze. Alitoa ile fomu kwenye faili, akachora mstari mmoja kutoka kona hadi kona, akaniambia kosa ni lake. Alisema kazini mtu akikosa watafsiri huchukua yeyote aliye karibu, na yeye alimweka mtoto katikati ya baba na kidonda cha baba, akategemea mtoto asipepese macho. Halafu akauliza, kwenu ni nani anaweza kumuuliza baba yako jambo lolote bila aibu?

Hilo halikunichukua hata dakika. Bakoki, nikasema. Nikamweleza kwamba kwetu wanaume waliotahiriwa mwaka mmoja ni bakoki, na hao hawana siri, wanatukanana hata matangani na hakuna anayekasirika. Baba anaye mmoja huku, Mzee Khaemba, fundi wa viatu kule Ngoingwa. Nilitoka hapo nikaenda kwake moja kwa moja. Alinisikiliza akiwa na misumari mdomoni. Alipoitoa alisema ameona baba yangu amepakwa tope la mto, amesimama mbele ya kisu bila kupepesa, na mwenyewe alikuwa wa pili kwenye foleni, miguu inagongana. Kwa hivyo kama kuna swali la karatasi litakalomwaibisha Erastus mbele yake, angependa sana kulisikia. Kisha akaacha mzaha. Akasema amengoja miaka mitano mtu amwambie amuulize. Sista ametupa Alhamisi hii, tarehe kumi na tisa, saa nne. Mzee Khaemba ataketi, na mimi nitakuwa nje kwenye benchi.

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwepa.

Unakumbuka siku ile ya mapigano ya 1992 kwa namna yako, na si kosa lako, ulikuwa na malaria, ulikuwa hujui hata jina lako. Unakumbuka umeamka kwenye sakafu ya kanisa mjini, katikati ya watu na magodoro, ukauliza kuka, babu yetu, yuko wapi, na baba hakujibu. Matangani ukasimama mbele ya watu wote ukasema kwamba mtu mwenye miguu mizima alimwacha babake ndani ya nyumba inayowaka. Baba hakujibu pia siku hiyo. Wiki iliyofuata ukaenda kwa senge, na wiki iliyofuata hiyo, baba akaanza kunywa.

Alichomjibu Sista ni hiki, nakuandikia kama alivyosema. Alisema hakuna siku ambayo jambo lile halimrudii. Alisema wavamizi waliposikika ng'ambo ya kijito alikuwa na mgongo mmoja na watu wawili wasioweza kutembea, baba yake na binti yake. Akachukua binti. Alimlaza kwenye miwa, akageuka kurudi kumchukua mzee. Akaona moshi juu ya paa. Akapiga hatua kumi, alizihesabu, kisha yule mtoto akalia nyuma yake, na yeye akarudi kwa mtoto. Alisema baba yake alikufa akimtazamia. Kila akinusa moshi anamwona amesimama mlangoni, ameshika fimbo, anatazama njia. Akinywa hamwoni vizuri. Hayo ndiyo niliyoyaita hapana.

Yule mtoto aliyelia ni wewe, dada. Nisamehe kukwambia kwa karatasi.

Na hili la mwisho, hata baba hakulijua. Alipokubeba, mimi aliniacha nyumbani na kuka, akaniambia nikae naye, anarudi. Tukakaa. Kelele zikawa karibu. Kuka akanishika sikio, kama alivyokuwa akifanya akitaka usisahau, akaniambia nikimbie kwenye miwa nimwambie baba asirudi. Mwambie ni mimi nimesema. Mwambie wawili wanatosha. Nilikimbia. Nilimkuta baba pembeni mwa miwa, uso wake umeelekea nyumbani. Akaniuliza, kuka je? Nami nilikuwa na yale maneno yote mdomoni, dada, yamepangwa vizuri, na sauti haikutoka. Nilimtazama tu. Akaona moshi. Akapiga zile hatua kumi, akarudi, akakubeba, akanishika mkono, tukaenda. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kwanza niliogopa. Halafu hakuna aliyeniuliza. Halafu ukasema yale maneno matangani, na mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na miguu yako, nikafikiri, nikisema sasa watauliza kwa nini sikusema jana. Kila mwezi uliopita jambo lilizidi kuwa zito. Umemchukia miaka mitano kwa ujumbe ambao mimi sikuufikisha.

Jana nimeufikisha. Baba alikuwa ndani, anapiga viatu rangi kwa ajili ya Jumatatu, sikio bado lina plasta. Nilimletea chai na sikurudi nyuma. Nilisema nikitazama kikombe. Nilisema yote, sikio lililoshikwa, wawili wanatosha, mimi nimesema. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Baba aliendelea kushika brashi, ila haikuwa inasogea. Nilingoja anipige, kwa kweli ningefurahi.

Aliniuliza swali moja tu. Ulipomwacha, alikuwa ameketi au amesimama?

Nikasema alikuwa ameketi. Kwenye kiti chake, amevaa koti, fimbo ameilaza sakafuni.

Chai ikaota utando. Kisha baba akasema, kama anaongea na kiatu, kwamba mzee huyo hakujua kungoja akiwa ameketi. Hata basi la Webuye, na miguu ile yake, alikuwa analingoja amesimama nusu siku, na ukimletea kigoda anakutukana. Akasema tena, ameketi. Akaiweka brashi chini.

Sitakudanganya, jioni alikunywa. Nilimwona akienda na nilimwona akirudi. Sista alishaniambia kwamba jambo kama hili halitoki kwa kusemwa mara moja, na Alhamisi bado iko mbele yetu, na Bwana Kimeu, na Mama Wangeci. Lakini kabla hajatoka alisimama mlangoni akaniambia nikuandikie wewe. Nikauliza nikuandikie nini. Akasema, andika vile umeniambia, usipunguze.

Sijapunguza, dada.

Msalimie senge, mwambie dawa ya goti nitamtafutia kule Thika. Wasalimie wanaokuja kushona kwako. Ukijibu, jibu hata kwa hasira, nitapokea. Ukitaka kumwandikia yeye, niandikie kwa lugha yetu nami nitamsomea, neno kwa neno, kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Everlyne Nasambu.